Salamu ya Mkono wa Kushoto

Tangu Alhamisi, siku shemeji yake aliposhuka kwenye lori na kuingia uani bila kubisha hodi, Teresina hakuwa amelala vizuri hata usiku mmoja. Mzee Mading hakuja kusalimia. Alikuja kumchukua Adau. Alilisema hilo kabla hata ya kupewa maji ya kunywa, akiwa amesimama katikati ya ua, fimbo mkononi, koti lake zito la kahawia limefungwa vifungo vyote utadhani Juba kuna baridi.

"Jumatatu narudi na yeye nyumbani," alisema. "Ndugu yangu hakuacha mtoto wa kupotea mjini."

Adau alikuwa na miaka kumi na minane, na ndani ya begi lake kulikuwa na barua ya chuo cha wauguzi cha Kampala, iliyokunjwa na kukunjuliwa mpaka ikaanza kuchanika. Masomo yalikuwa yaanze baada ya wiki tatu. Lakini baba yake, Manyang, alikwisha kufa miaka sita iliyopita, na katika ukoo wao neno la kaka mkubwa ndilo neno la baba. Mading akisema hapana, hakuna padri wala mjomba wa kumbadilisha. Teresina alijaribu hata hivyo. Alimweleza habari za chuo, akamwonyesha matokeo ya mtihani, akamchinjia kuku. Mzee alimla kuku, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akajifuta mdomo.

"Watoto wa Juba hawajui kusalimu," alisema. "Nimepita sokoni, wananipita kama nguzo ya umeme. Mtoto hajui kusalimu mtu, huyo atauguza nani?"

Hapo Teresina aliondoa sahani bila kubishana, maana kwa habari ya salamu mtu angemwonea Mading huruma, kama Mading angekubali kuonewa huruma. Mkono wake wa kulia ulipigwa risasi vitani miaka thelathini iliyopita, ukakatwa kwenye hospitali ya majeruhi kule Loki, upande wa Kenya. Alikaa huko mwaka mzima, akarudi na vitu viwili: Kiswahili na lile koti. Mkono mtupu wa koti aliuchomeka mfukoni kila siku, jua liwake au mvua inyeshe, hivi kwamba asiyemjua alidhani ni mzee wa maringo anayetembea mkono mfukoni. Waliomjua hawakumpa mkono. Wangempa upi? Wa kulia hakuwa nao, na wa kushoto haupewi mtu mzima, kazi yake inajulikana. Kwa hiyo walimgusa bega, wakainamisha kichwa, wakapita.

Kwenye matanga ya Manyang, kijana mmoja mwenye moyo mwema aliwapa wafiwa wote mkono wa kulia, na alipofika kwa Mading akabadilisha, akampa wa kushoto ili kumrahisishia. Mading alimchapa fimbo ya kiwiko mbele ya jeneza. Teresina aliyaona hayo kwa macho yake. Ndiyo maana Alhamisi ile ile alimvuta Adau jikoni.

"Baba mkubwa anaguswa bega," alimnong'oneza. "Bega, umesikia? Ukithubutu kumpa kushoto, Kampala utaisikia redioni."

"Nimesikia, Mama."

Jumamosi kundi la skauti la Kator lilikuwa linawaaga wanaohitimu, na Adau alikuwa mmoja wao. Teresina alimwomba Mungu shemeji alale mchana kutwa. Mungu alikuwa na shughuli nyingine. Saa nane mzee alikuwa amekwisha kuvaa koti lake na kusimama langoni.

"Nataka kuona hiyo kitu mnaita skauti," alisema.

Sherehe ilifanyika kwenye uwanja wa shule. Rakuba ya nguzo na turubai ilikuwa imesimamishwa upande mmoja kwa kivuli, na mbele yake kamba ilizungushwa kutenga mahali pa skauti. Kamba hiyo ilikuwa sheria ya Robert Lokosang, kiongozi wa kundi. Lokosang aliufahamu uskauti tangu utotoni, kwenye kambi ya wakimbizi kule Uganda, na aliporudi Juba alirudi nao kama wengine walivyorudi na magodoro. Kaptura yake ilipigwa pasi mpaka ungeweza kukatia mboga kwa mkunjo wake. Mtu huyu alipenda mambo yaende kwa utaratibu, na siku hiyo utaratibu ulikuwa umemtupa mkono. Mgeni rasmi, mkubwa wa ofisi fulani, alikuwa "njiani" tangu saa saba. Saa nane na nusu alikuwa bado "njiani". Saa tisa simu yake ilizimwa.

Teresina hakuyajali hayo. Alimketisha shemeji yake nyuma kabisa, penye kivuli, akaenda kumsaidia Namutebi kumimina juisi ya karkade kwenye vikombe. Namutebi, fundi cherehani kutoka Masaka, ndiye aliyeshona skafu zote za kundi, na alikuwa na mdomo usiojua kupumzika.

"Shemeji yako iko na koti ya maana," Namutebi alisema. "Kwa joto hii? Banange! Mimi nikivaa hiyo, nakufa leo."

Teresina akacheka kidogo, akageuka na sinia mikononi. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu.

Akatazama mbele. Kwenye kiti cha mgeni rasmi, kile cha mbao kilichotandikwa kitambaa chenye maua, alikuwa ameketi Mzee Mading. Fimbo yake ilikuwa imesimama kati ya magoti. Lokosang alikuwa anampigia saluti.

Sinia lilitikisika, karkade ikamwagikia gauni lake. Alielewa mara moja. Lokosang alikuwa ametafuta mtu wa kukalia kile kiti, akaona mzee mrefu, mkimya, mkono mfukoni, koti la kizamani, akamdhania ni mkubwa mstaafu wa kutoka Bilpam, makao makuu ya jeshi. Na mzee alikuwa amekubali, maana ni nani hukataa kiti cha mbele?

Hilo lingekuwa jambo la kuchekesha tu. Kilichomtisha kilikuja sekunde moja baadaye. Skauti husalimiana kwa mkono wa kushoto. Kwa miaka sita alikuwa akimwona Adau na wenzake langoni wakipeana kushoto na kucheka, na alikuwa amelizoea jambo hilo hata akalisahau kama mtu anavyosahau kovu lake. Sasa skauti saba wangepita mmoja mmoja mbele ya shemeji yake, mbele ya umati wote, na kila mmoja angemnyooshea kushoto.

"Kalas," alisema. "Nimekwisha."

Aliweka sinia chini akakimbilia kwenye kamba. "Lokosang! Wee Lokosang!" Lakini Lokosang alikuwa ameshika kipaza sauti, na mtu mwenye kipaza sauti hasikii. Kijana wa zamu akamzuia. "Samahani, Mama, wazazi nje ya kamba." Namutebi naye akaja nyuma, akamshika kiuno.

"Wewe Teresina, nini? Kaa chini, utaaibisha mtoto!"

"Shemeji hana mkono!"

"Hana nini?"

"Mkono! Hana mkono wa kulia!"

Namutebi akamtazama mzee, akautazama ule mfuko wa koti, na kwa mara ya kwanza tangu Teresina amfahamu, akaufunika mdomo wake kwa kiganja.

Sherehe ilikwenda kwa utaratibu. Kila anayehitimu alifungua skafu yake shingoni, akamfunga mdogo mmoja wa kundi, kisha akampa kiongozi mkono wa kushoto, kisha akaelekea kwa mgeni rasmi. Wa kwanza alikuwa Emma, kijana mrefu mwenye masikio makubwa. Alimfunga mdogo mmoja skafu. Akampa Lokosang kushoto. Akapiga hatua sita mpaka kwenye kile kiti, akasimama wima, akanyoosha mkono wa kushoto.

Mzee Mading aliuangalia ule mkono. Hakuusogelea. Akinamama kwenye mabenchi walianza kunong'onezana, maana hata wasio na habari za mzee hawakupenda kuona mkono wa kushoto ukinyooshewa mwenye mvi. Lokosang alitabasamu, akidhani mgeni hajui desturi. Kisha mzee akasimama, polepole, na alipomaliza kusimama alikuwa mrefu kuliko Emma.

"Kijana. Hii ni nini unanipatia?"

"Salamu, mzee."

"Ya kushoto?"

"Ndiyo salamu yetu, mzee." Sauti ya Emma ilikuwa imeanza kukwaruza.

"Mnapatia nani?"

"Kila mtu, mzee. Hata sisi wenyewe kwa wenyewe."

Mzee akainua fimbo. Teresina akafumba macho, akaona kiwiko cha yule kijana wa matanga, akaona lori la Jumatatu na binti yake juu yake. Alipofumbua, fimbo ilikuwa haijashuka. Ilikuwa imemwelekea Emma kifuani, imetulia hapo.

"Wewe unajua mimi niko na mikono ngapi?"

Emma alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. "Miwili, mzee."

Mzee akaibana fimbo kwapani, akapeleka vidole vyake vya kushoto kwenye mfuko wa kulia, akauchomoa mkono wa koti. Ukaning'inia mtupu kutoka begani, ukicheza kwenye upepo mdogo uliokuwapo. Umati ukaguna kwa pamoja. Tabasamu la Lokosang likabaki pale lilipokuwa, lakini mwenyewe alikuwa kama hayupo tena, macho yamemtoka, kipaza sauti kimeshuka mpaka kifuani.

"Malesh," alisema, na kipaza sauti kikalipeleka neno hilo uwanja mzima. "Malesh, mzee wangu, sikujua..."

Lakini Emma hakuurudisha mkono wake. Labda alisahau. Labda woga ulimkaza. Aliusimamisha pale pale, vidole vimenyooka, jasho likimtiririka nyuma ya yale masikio, na Teresina alitamani kumpigia kelele auondoe.

Mzee aliutazama muda mrefu.

Kisha fimbo ikaanguka kutoka kwapani. Haikutupwa, iliachiwa tu, ikaangukia vumbini. Mtu wa mkono mmoja hawezi kushika fimbo na kusalimu. Mzee Mading akaupokea mkono wa Emma ndani ya wake, akautikisa mara moja, kisha akaendelea kuushika.

"Mkono wako ina jasho," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Haya. Pita. Mwingine aje!"

Wakaja. Wa pili, wa tatu, wa nne, kila mmoja akinyoosha kushoto kwa woga, na mzee akipokea, na kila alipopokea alichelewa kidogo kuachia. Kwa wa tano alikuwa anauliza majina. Kwa wa sita aliuliza majina na kijiji cha babu. Koti lake lilikuwa limefunguka kifungo kimoja na hakuna aliyekifunga. Teresina alikuwa ameshika kamba kwa mikono yote miwili, na hakujua alikuwa analia mpaka Namutebi alipompa ncha ya khanga yake.

Wa mwisho alikuwa Adau. Alimfunga msichana mdogo skafu yake, akampa Lokosang mkono, akatembea hatua sita. Na mbele ya baba yake mkubwa akafanya kama alivyofundishwa jikoni. Akainamisha kichwa, akanyoosha mkono, akamgusa bega.

Mzee akarudi nyuma kama aliyechomwa.

"Hawa wote wamenipatia mkono," alisema. Haikuwa sauti ya ukali. Teresina angependelea ukali. "Watoto ya watu. Wewe, binti ya ndugu yangu, unanipatia bega?"

Adau akageuza kichwa, akamtafuta mama yake nje ya kamba, na macho yao yakakutana juu ya vichwa vya watu wote. Teresina aliinua mkono wake wa kushoto hewani, wazi, akautikisa.

Adau akampa baba yake mkubwa mkono wa kushoto. Mzee akaushika.

"Tangu Loki," alimwambia, "watu wananisalimu kama wanagusa jeneza. Miaka thelathini. Ulijua hiyo?"

"Sikujua, Baba Mkubwa."

"Hata mimi sikujua." Akamgeukia Lokosang, na bila kungoja kipaza sauti akasema kwa sauti iliyofika hadi barabarani: "Hawa wanajua kusalimu! Huyu aende akauguze watu. Jumatatu nitapanda lori peke yangu."

Makofi yalilipuka. Namutebi alipiga vigelegele, mtungi wa karkade ukapigwa teke na mtu ukalala chini, na hakuna aliyeujali. Adau alikuwa amesimama mdomo wazi, mkono wake bado umeshikwa.

Teresina aliinama akapita chini ya kamba. Kijana wa zamu hakumzuia. Njiani kuelekea kile kiti alikuwa akihesabu bila kutaka: miaka kumi na tisa tangu aolewe na Manyang, Krismasi, ubatizo, matanga, na kila mara yeye pia alikuwa amegusa lile bega, tena kwa heshima, tena akajisifu kuwa anajua adabu. Aibu iliyompata haikuwa ile aliyoingoja tangu Alhamisi. Alipofika mbele ya shemeji yake mkono wa kulia ulikuwa umekwisha kunyanyuka wenyewe kwa mazoea. Akaushusha, akaufuta wa kushoto kwenye gauni lililolowa karkade, akaunyoosha.

Mzee Mading aliutazama, akamtazama usoni.

"Hata wewe ni skauti, shemeji?"

"Hawa wanatoka leo," Teresina alisema. "Mimi leo ndiyo ninaingia."