Siki Kwenye Terazo

Mke alifungua mlango mfuko ukiwa bado begani, akaisahau salamu aliyoiandaa njia nzima. Sakafu ya sebuleni ilikuwa imekufa.

Si kwamba ilikuwa chafu. Ilikuwa safi, tena safi ya kuudhi, lakini imepauka kama mguu usioonja mafuta, na karibu na kochi palikuwa na mabaka meupe. Akainama, akapitisha kiganja. Palikuwa panakwaruza.

Alikuwa ameondoka majuma machache tu kwenda kumsaidia binti yao aliyejifungua. Nyumba alimwachia mumewe, na mumewe, aliyekuwa mtunza stoo wa hospitali karibu maisha yake yote, alikuwa amestaafu bila kustaafu. Mtu aliyezoea kugawa sabuni kwa saini hawezi kukaa nyumbani akaitazama inamwagwa ndooni hivi hivi. Alianza kabla ya safari hiyo, kwa kuipima kwa kifuniko cha chupa, mke akacheka. Laiti angejua, asingecheka hata kidogo.

"Umerudi mama!" Mumewe alitokea jikoni na chupa mkononi, meno yote nje. "Hujambo? Mtoto hajambo? Hebu njoo uone. Nyumba hii hatununui tena sabuni ya sakafu. Siki, maganda ya limau, magadi, basi! Ukichanganya inachemka yenyewe, wala huweki motoni."

Hakungoja kujibiwa, akavuta fimbo ya dekio. Shuka zao kuukuu alikuwa amezikata na kuzishona kwa mkono zikawa mifuko ya kuvalisha dekio, yenye mpira mdomoni, ya kufua na kutumia tena. Mishono ilikuwa imepinda kama njia ya ng'ombe. Wazo lenyewe lilikuwa zuri, na siku nyingine mke, ambaye ni fundi cherehani, angezirudia kwa mashine huku akimtania. Siku hiyo hakuwa na utani.

"Limau," alisema. "Umemwagia terazo limau."

"Na siki. Siku ya kwanza ilitakata, we acha tu! Baadaye nikaona inafifia, nikasema ahaa, uchafu wa zamani ndio unatoka. Nikazidisha siki, nikaiacha iloweke."

Alilisema hilo kwa fahari. Unaona kitu kinaharibika mkononi mwako, unaongeza dawa ile ile iliyokiharibu, halafu unasubiri upigiwe makofi.

Terazo ile ya saruji na chembe za marumaru haikuwa ya urithi. Ilitoka kwenye sare za shule, kola baada ya kola, zipu baada ya zipu, watoto wamelala na yeye anakanyaga cherehani, mpaka akaweza kumwita fundi wa kuimwaga na kuisaga kwa mashine. Wakati huo mumewe alisema sakafu ni ya kukanyaga tu. Na fundi alipomaliza, aliwasimamisha wote wawili pale mlangoni akawaonya kwamba kitu chochote kikali, hata limau la kula, ni sumu kwa sakafu hii. Mke alisikia. Mume alikuwa na gazeti lake.

"Nani alikwambia uiguse sakafu yangu?"

"Yako? Mimi nakaa wapi, juu ya dari?"

"Yangu! Ungemwagia kitanda ningenyamaza. Ungemwagia hata sahani!"

"Nilikuwa naokoa pesa, mke wangu."

"Pesa ya nani? Umeokoa sabuni, umeua sakafu. Huko stoo ulikuwa unawafanyia hivi hivi wagonjwa?"

Hilo lilimpata. Akaiweka chupa mezani polepole. "Taratibu, mama. Hasira hasara."

"Hasara umeshaileta wewe. Mimi nimekuja na hasira tu!"

Hodi ikapigwa wakati huo huo, na jirani wa nyumba ya pili akaingia na chupa tupu, kwa maana mzee alikuwa amekwisha kuugawia mtaa ile dawa yake.

"Karibu nyumbani, shoga! Mzee wako ametuokoa, vigae vyangu vinateleza kwa usafi. Nimefuata nyingine..." Macho yake yakateremka chini, na maneno yakamwishia. "He! Sakafu yenu imekuwaje? Si ndiyo hii tuliyokuwa tunavua viatu mlangoni kwa kuionea haya? Mimi hata shela yangu nilikuwa naiweka sawa kwa kujitazama humo humo."

Jirani si mjinga. Aliikumbatia chupa yake tupu, akasema amekumbuka chungu motoni, akatoka.

Mume alibaki amesimama katikati ya sebule. Akainamisha kichwa upande huu, kisha upande huu, kama anayetafuta sarafu iliyomdondoka.

"Kwani ilikuwa inang'aa hivyo?"

Hakuwa anadhihaki, na hilo ndilo lililomchoma mkewe kuliko siki yote. Alikuwa anauliza kweli. Alikuwa ameivuka sakafu hiyo miaka nenda miaka rudi, kwenda kazini na kurudi, kwenda mezani na kurudi, na sasa ilimbidi kuulizia habari zake kama mgeni.

Mke akautupa mfuko kochini, akaketi kwenye kiti cha cherehani. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya chini, na mumewe aliiogopa zaidi ya zile kelele.

"Nikiwa nimeinama hapa nashona, nilikuwa nakuona humo chini, kama kwenye kioo, unavyoingia, kabla sijainua kichwa. Kila jioni. Nilikuwa najua umechoka au wamekuudhi huko kazini, na najua nikuanze vipi."

Mumewe akatazama katikati ya miguu yake. Palikuwa peupe tu.

"Hukuwahi kuniambia," alisema.

"Nikwambie nini? Nikwambie unachokikanyaga?"