Ukurasa wa 212

Wivu ulimkaba wakili Isaka Nyabenda tangu jaji alipomwambia Selina, wakili wa upande wa pili, mbele ya watu wote, "Wakili msomi, rejea zako ni safi." Miaka ishirini na sita Isaka anatetea watu Kigoma, hajawahi kuambiwa hivyo. Na huyu binti kaja juzi tu kutoka Mbeya, hata mgebuka, samaki wetu wa ziwani, hajui kumla!

"Kesi anazozirejea hazipo, anatungiwa na simu," alijisemea. "Leo namuumbua."

Asubuhi, kabla shauri halijaendelea, aliingia maktaba ya mahakama na hoja za Selina mkononi. Rejea iliyombeba Selina ilikuwa moja, ya mgogoro wa shamba la Mwandiga: mwaka kwenye mabano, kifupi cha jina la kitabu cha hukumu, ukurasa wa 212. Isaka alishusha kitabu, akapuliza vumbi, akafunua huku akiomba akute kesi ya wizi wa ng'ombe.

Akakuta shamba la Mwandiga. Maneno yalikuwa yaleyale, hata nukta haikuongezwa. Hoja ilikuwa kali mno, akajikuta anamwonea wivu hata wakili aliyeijenga. Ni nani huyo? Akafunua hadi mwisho wa hukumu, yanapochapwa majina ya mawakili.

Wakili wa mrufani: I. Nyabenda.

Kesi hiyo aliishinda yeye zamani, akaisahau, wala hakujua kama ilichapishwa.

Karani akachungulia mlangoni. "Mzee Nyabenda, jaji ameshakaa. Anakusubiri uipinge ile rejea ya Selina."