Kiti Kilichobisha Hodi

Binti huyu nyumbani kwao walimwita Mhandisi Kesho, na jina lilimkaa sawasawa. Kazini, kwenye kiwanda cha uchapaji, hakuna kompyuta iliyogoma mbele yake ikashinda. Lakini nyumbani, ndani ya mlango wa kabati lake, alikuwa amebandika karatasi ya mambo aliyotamani kuyatengeneza kwa mikono yake mwenyewe: kamera ya getini kutokana na simu kuukuu, programu ya kutunza nywila za familia nzima, taa za kucheza kwa kufuata muziki, mchezo wa redio wenye wezi wajinga na mbwa mwerevu. Karatasi ilizidi kurefuka, na hakuna kilichowahi kufutwa.

"Hiyo karatasi ina mimba," shangazi yake alisema kila alipoingia kuazima kitana. "Inanenepa tu, haizai."

Binti alicheka. Mdomo wa shangazi haukuwa na dawa.

Jumamosi moja shangazi alirudi kutoka sokoni uso umemshuka. Alikuwa amekutana na rafiki wa zamani wa baba wa binti, aliyechomelea naye mageti katika karakana moja tangu ujana wao. Yule mzee alisema alikuja kumtembelea mwenzake katikati ya wiki. Alibisha hodi mpaka vidole vikamuuma. Dirishani alimwona baba kakaa kitini, kampa mgongo, wala hakugeuka.

"Kasema tumwambie baba yako kwamba urafiki haulazimishwi," shangazi alimalizia.

Baba alikuwa pale pale sebuleni. Miaka ya nyundo na mashine za kusaga chuma ilikuwa imemla masikio, lakini hakutaka kukiri. Kifaa cha kusikilizia alichopewa hospitalini alikitupa kwenye droo, akidai kinampigia filimbi kama refa. Ilibidi binti achuchumae mbele yake amrudie habari ile neno kwa neno, wakitazamana.

"Nilikuwa nimelala," mzee alisema. Akainamisha kichwa. "Hapana. Sikulala. Sikumsikia."

Maneno yale yalimchoma binti. Katika yote aliyoyatamani, hakuwahi kumfikiria baba hata kwa mstari mmoja. Aliingia chumbani, akatoa vifaa alivyonunua zamani kwa ajili ya kamera ya getini, akaanza kazi saa ile ile.

Wazo lilikuwa rahisi: mgeni abonyeze kitufe mlangoni, na mota itetemeke chini ya kiti cha baba. Mota hakuwa nayo, basi akang'oa ya blenda ya shangazi bila kuomba ruhusa. Baba akaketi na kikombe chake cha chai. Binti akabonyeza. Kiti kikanguruma, kikarukaruka, kikamtembeza mzee hadi katikati ya sebule huku chai ikimrukia kifuani.

"Tetemeko!" baba alipiga kelele. "Tokeni nje!"

Shangazi alicheka mpaka akakaa sakafuni, kisha akaitambua mota yake na kicheko kikakatika. Binti alitamani ardhi immeze. Lakini baba alikuwa ameshapiga magoti, akipapasa chini ya kiti kama daktari anayetafuta panapouma.

"Ina nguvu za fahali," alisema. "Halafu umeifunga kwa gundi! Chuma kinafungwa kwa gundi, mwanangu? Nipe kofia yangu ya kuchomelea."

Hakuwa ameivaa tangu astaafu. Uani, cheche ziliruka tena. Baba akaunda kishikizo cha mota. Binti akaandika upya kwenye kompyuta maagizo ya kuifanya mota izunguke polepole. Mzee aliketi, akatikisa kichwa, akainuka, wakaanza upya. Hakuna aliyelazimika kupayuka. Walielewana kwa vidole na macho. Hatimaye baba aliketi, akatulia, akatabasamu.

"Hapo! Kama paka anayekoroma mapajani."

Binti akafunga safari hadi kwa yule rafiki.

"Shikamoo, baba. Njoo kwetu kesho. Bonyeza kitufe mara moja tu."

"Marahaba. Mimi nimeshabisha vya kutosha."

"Mara moja tu. Asipofungua, na mimi nitamnunia pamoja na wewe."

Jumapili rafiki akaja, kakunja uso. Akabonyeza. Kabla hajapata nafasi ya kuguna, mlango ukafunguka wazi, na baba alikuwa amesimama pale na shati lililopigwa pasi.

"Umenisikia?" rafiki aliduwaa.

Baba alimsoma midomo. "Nikusikie kwa masikio gani? Mimi kiziwi, bwana! Kiziwi kama nguzo! Nimekuhisi matakoni!"

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo, na alilitamka kwa sauti ya kutosha mtaa mzima. Wazee wakakumbatiana, wakicheka na kufutana machozi. Shangazi akapiga kigelegele. Binti, nyuma yao, akapiga makofi.

Baba akamvuta rafiki yake, akamkalisha kwenye kiti. "Usinyanyuke," akamwamuru, akatoka nje, akaufunga mlango. Kiti kikatetemeka. Rafiki akaruka, akaketi tena, akacheka kwa kwikwi. Kikatetemeka tena. Na tena.

"Basi, ingia!" rafiki alipaza sauti. "Ingia, nimeamini!"

Nje, baba, ambaye bila shaka hakusikia lolote, akabonyeza tena.