Mavuno ya Kijiti

Jioni ya kwanza ya likizo walikaa kwenye meza ya plastiki iliyozama mguu mmoja mchangani, na Mama Kijiti akamkabidhi mhudumu kadi. Alikuwa ameiandika mwenyewe kwa herufi kubwa na kuifunika kwa plastiki: MTOTO HUYU NI MGONJWA. HALI NGANO WALA KITU CHOCHOTE KILICHOGUSA UNGA WA NGANO. ASANTENI. Mhudumu, mtu mzima mwenye kalamu sikioni, aliisoma mara mbili, akaigeuza kuona kama nyuma kuna jingine, akairudisha.

"Haina shida, mama," alisema. "Mkate hatutamwekea."

Walikuwa watano. Bibi, mama mzaa baba, alikuwa amepika miaka thelathini na mmoja katika shule ya bweni, na kiinua mgongo chake ndicho kilicholipia vyumba viwili vinavyotazama bahari. Baba Kijiti, msimamizi wa ghala la saruji, alikuwa mwanawe wa pekee wa kiume na hakuwahi kumpinga hata juu ya rangi ya soksi. Wifi, dada wa Baba Kijiti, alikuja kupumzisha miguu ila si mdomo. Mama Kijiti alikuwa fundi wa kushona sare za shule. Na Kijiti mwenyewe alikuwa na miaka tisa. Bibi ndiye aliyembandika jina hilo alipokuwa na mitatu, kwa sababu hanenepi. Lilianza kama utani, likaganda.

Samaki wakaja. Kwenye sahani ya Kijiti mkate haukuwepo, mhudumu alikuwa mtu wa neno lake, lakini samaki alikuwa amevaa koti la kahawia linalong'aa mafuta.

"Huyu amepakwa nini?" Mama Kijiti aliuliza.

"Unga kidogo tu, mama. Wa kumshika asivunjike."

"Wa ngano?"

"Unga wa kawaida."

Mama Kijiti akashika ukingo wa sahani airudishe. Bibi akaweka kiganja juu ya mkono wake. Katika familia ile sahani hairudi jikoni. Bibi alijua sahani iliyorudishwa hufanywa nini na mpishi aliyeudhika, na ingawa hakuwahi kusema amejuaje, hakuna aliyethubutu kumuuliza.

"Tumekuja kula, mwanangu, hatukuja kukagua," Bibi alisema. "Mpe mtoto ale."

"Mama, daktari alisema..."

"Daktari, daktari," Wifi akadakia. "Sisi tulilelewa na daktari gani?"

Baba Kijiti alimtazama mkewe. "Kidogo hakidhuru," alisema kwa upole. Kila kitu alikisema kwa upole, ndiyo maana ilikuwa kazi kumjibu.

Daktari alikuwa amesema kweli, na Mama Kijiti alikuwa ameyakariri maneno yake: kwamba matumbo ya mtoto yanapigana na ngano, kwamba kila pambano linabomoa ukuta wa ndani, na kwamba akiendelea hivi miaka miwili mingine atakula na kula na hakuna kitakachomwingia mwilini. Lakini tumbo liko ndani, na cha ndani hakina shahidi. Kwa miaka mitatu wakwe zake walimwona kama mwanamke anayemdekeza mtoto na kutafuta wa kumlaumu. Kijiti akala samaki wake.

Asubuhi mkono wa kushoto wa Kijiti ulikuwa umeota ngano. Ilianzia kwenye kiwiko ikaishia kwenye kifundo, mistari mitatu iliyonyooka, ya kijani, kimo cha ukucha. Mama Kijiti alivuta mche mmoja taratibu, na Kijiti akasema inauma vilevile kama kung'olewa unywele. Tumbo nalo lilikuwa linamuuma, alisema, lakini hilo lilikuwa la siku zote.

Mama Kijiti hakushtuka. Alichokihisi kilikuwa karibu na furaha, na aliona aibu kukihisi. Hatimaye kulikuwa na kitu cha kuonekana kwa macho. Alimvika mtoto fulana isiyo na mikono akampeleka kwenye kifungua kinywa.

Bibi alivaa miwani, akaugeuza mkono huku na huku, akapuliza kati ya mistari. "Imeota vizuri," alisema.

"Mama, hii ni ile ngano ya jana. Mwili umeikataa."

"Umeikataa?" Bibi akavua miwani. "Mwanangu, mimi nimezaliwa shambani. Ardhi inayoumwa haioti kitu. Hii imeota bila hata mbolea. Mtoto huyu ni mzima kuliko sisi sote tuliokaa hapa."

Wifi alisema yeye tangu zamani alijua ugonjwa uko kichwani mwa mtu, na si kichwani mwa mtoto. Baba Kijiti alifikiri kidogo, akasema hoja ya mama ina uzito. Mhudumu wa hoteli alileta mikate ya kuchoma na kuuliza kama mtoto atahitaji maji ya kumwagilia, au anaoga baharini kama wengine. Bibi akasema baharini asiingie, chumvi itaunguza miche. Kijiti alikuwa ameisubiri bahari tangu mwanzo wa mwaka. Alikaa chini ya mwavuli, mkono ameulaza pajani, akiwatazama watoto wa watu wakirukia mawimbi.

Kadi iliendelea kuzunguka migahawa ya ufukwe ule. Siku ya pili walipewa supu safi, isiyo na mkate karibu yake, iliyofanywa nzito kwa vijiko viwili vya unga. Siku ya tatu ilikuwa viazi vya kukaanga, na viazi havina kosa, ila vilikaangwa katika mafuta yaliyokwisha kukaanga kila kilichopakwa unga tangu asubuhi. Mpishi wa hapo alitoka mwenyewe akijifuta mikono, akaapa kwa marehemu mama yake kwamba amesafisha kila kitu. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi na Mama Kijiti alimwamini, kwani mwenye shida haachi kuamini. Asubuhi yake ngano ilikuwa imepanda begani na kuanza mkono wa kulia.

Kadiri ilivyorefuka ndivyo mtoto alivyopungua. Fundi haulizi, hupima. Kila asubuhi Mama Kijiti alizungusha tepu yake kiunoni mwa Kijiti: hamsini na nne, hamsini na tatu, hamsini na moja na nusu. Aliketi ukingoni mwa kitanda akaipunguza kaptula ya mtoto kwa sindano, upana wa kidole, kisha upana wa kidole tena. Alimwonyesha mumewe tepu. Baba Kijiti alisema tepu nazo hupanuka kwa joto la pwani, huko ghalani wana ya chuma.

Ndege wadogo nao wakajua. Walimfuata Kijiti kutoka hotelini hadi mezani, wakatua kwenye mgongo wa kiti chake na kumdonoa bega, naye akajifunza kula huku akipunga kitambaa. Meneja wa hoteli alikuja na fomu, kwa kuwa mimea haikuruhusiwa vyumbani bila idhini. Alikuwa mtu mstaarabu sana. Aliuliza ni mimea ya aina gani na imepandwa ndani ya nini, akaandika, na Baba Kijiti akatia sahihi. Mama Kijiti alipomwomba jambo moja, kwamba jikoni watenge sufuria moja isiyoguswa na unga, meneja alisikitika kwamba hilo halina fomu.

Siku ya nne Mama Kijiti alinunua mchele na mayai, akavichemsha kwenye birika la umeme la chumbani, kwanza mayai, kisha mchele. Wali ulitoka laini kama uji. Walikula wawili kwa vijiko vya chai, mlango umefungwa, na kwa mara ya kwanza tangu wafike Kijiti hakushika tumbo. Alilala mchana akaamka na rangi usoni. Ngano haikuongezeka hata mche mmoja. Mama Kijiti alipima: hamsini na moja na nusu, palepale. Akaketi na ile tepu shingoni akipiga hesabu ya mayai mangapi yatawatosha siku zilizobaki.

Chini ya dirisha kulikuwa na meza ya watu wao. Wifi alikuwa akisimulia kitu, na Bibi akacheka mpaka akakohoa.

"Wanacheka nini?" Kijiti aliuliza.

"Mambo ya wakubwa."

"Bibi huwa hacheki hivyo nikiwepo."

Mama Kijiti alifunga dirisha. Jioni Bibi aligonga mlango, akalitazama birika, akatazama maganda ya mayai. Hakupandisha sauti.

"Nimekusanya akiba ya maisha yangu ili nile na wanangu meza moja kabla sijafa," alisema. "Sikujua nina mkwe wa kujifungia."

"Mama, nisamehe. Leo hakuumwa. Mtazame mwenyewe."

"Namtazama. Ngano yake imesinyaa."

Baba Kijiti alisimama nyuma ya mama yake. "Siku tatu tu zimebaki," alimwambia mkewe. "Mvumilie." Mama Kijiti alipogeuka kumshika mtoto mkono, Kijiti alikuwa tayari amevaa ndara zake.

Siku ya tano na ya sita alikula walichokula wote, na ngano ikakomaa. Masuke yalitoka mikononi na mabegani mwake, mazito, ya rangi ya dhahabu, yakisuguana kila alipopumua. Hakuweza tena kupanda ngazi peke yake. Baba yake alimbeba, akasema ajabu jinsi alivyo mwepesi na mzigo wote huo.

Bibi alivuna asubuhi ya siku ya saba. Aliazima mkasi wa nyuzi wa Mama Kijiti, akamwita mjukuu wake, akampakata. Hakuwahi kumpakata. Alikata suke moja moja, akishikilia ngozi kwa vidole viwili ili isivutike, akipuliza kila mahali alipokata, akimwambia katoto kangu, shamba langu, riziki yangu. Kijiti aliegemeza kichwa kifuani pake na kufumba macho. Ilichukua saa mbili na mtoto hakutikisika. Mama Kijiti alisimama mlangoni na tepu mkononi, akajua kwamba hilo hatalishinda.

Mpishi wa hoteli aliyapura masuke mwenyewe, akazipepeta punje kwenye upepo wa bahari, akazisaga kwa mashine ya kahawa. Ulitoka mkate mmoja. Jioni aliuleta mezani juu ya ubao, bado wa moto, akabaki amesimama kuona wakionja. Wifi alikula kwanza, na kabla hajameza akanyoosha mkono kuchukua kingine. Baba Kijiti alisema hajawahi kula mkate mtamu hivyo. Bibi alikata kipande kinene akakiweka kwenye sahani ya Kijiti.

"Mama, hapana," Mama Kijiti alisema. "Nakuomba."

"Hata cha kwake mwenyewe?"

Mama Kijiti alisimama, akaichukua sahani, akavuka ukumbi nayo mpaka jikoni. Hakuna mtu wa familia ile aliyewahi kufanya hivyo. Akaiweka mbele ya msaidizi wa mpishi, akasema, "Hiki kimerudi." Yule msaidizi alidhani wameupenda mkate na wanataka zaidi, akatabasamu, akaongeza kipande alichobakiziwa jikoni cha kuonja, akamtangulia nayo hadi mezani.

Wote walikuwa wakimtazama Kijiti. Mikono yake ilikuwa na vishina vifupi vikavu, na shingo ilikuwa imebaki mishipa. Baba yake akamuuliza kwa upole kama angependa kula. Kijiti alimtazama mama yake, na alijua kila kitu, tumbo lilikuwa lake. Kisha akamtazama Bibi.

"Mtamu," alisema mdomo ukiwa umejaa. Bibi akacheka kile kicheko chake kirefu, na Kijiti naye akacheka, akameza haraka akachukua kingine. "Bibi, nikimaliza nitaota tena?"

"Utaota, mwanangu. Utaota mpaka kichwani."

Alikuwa anakula upesi kupita kiasi, makombo yakamwingia njia mbaya, akaanza kukohoa hadi machozi yakamtoka. Mama Kijiti alimpiga mgongoni polepole mpaka akapata pumzi. Kisha akavuta kiti karibu, akachukua kipande kilichobaki, akamkatia kwa vidole vyake mwenyewe, vidogo vidogo, asipaliwe tena.