Dada wa Karani

Dereva Donald Ndulu ndiye aliyeuliza, na wala hakuwa na nia mbaya. Lori lilikuwa limesimama karibu na stesheni ya Voi likipakiwa mapipa ya maji na magunia ya unga ya kambi ya Kishushe, na yeye alitaka tu kujua nani atakaa mbele na nani atapanda nyuma. Akamwonyesha Dinah kwa kidevu.

"Karani, huyu nani wako?"

"Dada yangu," Elijah akajibu. "Anakuja kunipikia."

Haya, sikilizeni mambo hayo. Huyo ni Elijah Mwasaru, msomaji wa kanisa la Mgange, ambaye juzi tu, mahindi yakiwa yanavunwa, alisimama mbele ya kasisi akamvika Dinah pete huku mama yake akilia kwa furaha. Sasa hakukohoa wala hakujikwaa. Dinah alimtazama, naye Elijah akaanza kukaza kamba ya sanduku lao la bati, kamba ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameikaza asubuhi kabla hawajateremka Mwatate kupanda treni. Dada wa karani ni mgeni wa heshima, kwa hiyo Dinah akapewa kiti cha mbele. Mumewe akapanda nyuma na magunia.

Mbele huko Donald hakunyamaza. Alimwuliza Dinah kama ameposwa, kama anajua kupika nyama ya pori, kama wasichana wa milimani wote ni wanyamavu hivyo. Dinah alijibu ndiyo na hapana bila kujua anajibu nini. Injini ilipochemka na Donald akashuka kuitilia maji, Elijah akaja dirishani, vumbi limemjaa kope, akaeleza kwa kunong'ona.

Ilikuwa hivi. Yule mzungu wa madini, kule ofisini Voi, alimwuliza kama ana mke, maana hakutaka karani mwenye mke. Wake huleta ugomvi kambini, akasema. Mwenye mke akae kwake alime. Elijah akaona kazi inampita hivi hivi. Nyumbani Mgange shamba la baba yake lilikuwa kipande cha mteremko, kaka zake wakubwa walikuwa wameshakigawana, na yeye na mkewe walikuwa wakilala jikoni kwa mama yake pamoja na kuku. Basi akasema hana mke, ila ana dada.

"Ni mpaka mvua tu," akasema. "Mvua ikinyesha kambi inafungwa, mimi narudishwa ofisini Voi, na Voi karani hupewa nyumba. Nikishapata nyumba nitasema kweli. Hata Abrahamu alisema vile vile kule Misri."

"Na Farao akamchukua Sara," akasema Dinah.

"Kambini hakuna Farao."

Dinah akacheka, na hapo ndipo alipokosea. Akavua pete, akaifunga kwenye pindo la leso.

Kambi yenyewe ilikuwa mahema na vibanda vya nyasi chini ya kilima chekundu, na wanaume wakichimba mitaro kutafuta chuma, wengi wao Wakamba. Elijah alipewa hema dogo karibu na la Bwana, yule mzungu wa madini. Dinah akawekwa kibanda kimoja na Syokau, mama wa makamo aliyewapikia wafanyakazi, mwenye ulimi mwepesi na mkono mzuri wa kupika. Kutoka pale jikoni milima ya kwao ilionekana wazi asubuhi, hata ungedhani utasikia majogoo ya Mgange. Katikati kulikuwa na pori na tembo, basi.

Lakini mtu akishatoka kwao, hata kama anauona moshi wa kwao, huwa mtu mwingine. Mimi nimeliona hilo kwa wengi. Elijah, ambaye Mgange alitembea kichwa chini na kitabu cha sala kwapani, alianza kuvaa kofia upande na kucheka hadi mitaro ya mbali ikamsikia. Alimsifu Dinah kwa chakula mbele za watu, jambo ambalo nyumbani hakulifanya hata siku moja, maana nyumbani alikula na kaka zake na sahani ikarudi tupu bila neno. Na Dinah naye, msimwone hivi. Kwao mke hamwiti mumewe kwa jina; ataita "wewe", ataita "mwana wa Mwasaru", atakohoa mlangoni mpaka ajulikane. Hapa alisimama katikati ya kambi akaita, "Elijah, chakula tayari." Siku ya kwanza ulimi ulimtetemeka. Baada ya hapo akawa anamwita hata pasipo na haja.

Tusidanganyane, alipenda. Alipenda pia namna wanaume walivyompisha njiani, na alipenda kukuta kuni zimeshapasuliwa mlangoni pa jikoni kila asubuhi, zimepangwa vizuri, kavu, za mti usiotoa moshi. Aliyezileta ni Kituku Maundu, nyapara wa wachimbaji, Mkamba wa makamo kidogo, aliyefiwa na mke. Hakuwa msemaji. Aliweka kuni, akasema, "Umeamkaje, Dinah," akaenda zake. Jumapili, Elijah alipoongoza sala chini ya turubai la stoo, Kituku alikaa mbele kabisa, kofia magotini, akisikiliza kila neno kwa makini.

Mvua ikachelewa. Kila asubuhi Dinah alitoka na kuangalia mawingu juu ya milima, na kila asubuhi mawingu yalikaa kule kule. Moyo wake ukaanza kukosa pa kutua. Aliosha sufuria zilizokwisha oshwa. Siku moja alimwona Elijah kola imemkunjika, akanyoosha mkono kumtengenezea, na Elijah akaruka nyuma kwa hofu.

"Watu wanaona," akasema.

Dinah akaurudisha mkono. Alijaribu kucheka kama siku ile ya kwanza, kicheko kikakataa.

Ndipo ikaja siku ya mbuzi. Wazee wawili kutoka mitaroni walifika kwenye hema la karani jioni mapema, wamevaa makoti, na Kituku nyuma yao akivuta mbuzi watatu. Walisema wamewaleta kwa ajili ya dada yake. Elijah akashukuru. Mmoja akachinjwa pale pale, na Elijah akala na wenzake, akapangusa mafuta kidevuni, akicheka sana. Kituku akamwambia, "Karibu tena nyama, shemeji," na Elijah akaitika na kupokea.

Dinah alikuwa jikoni. Syokau aliingia akibeba ubavu wa mbuzi, akauweka mezani, akamkumbatia.

"Mwanangu, nimefurahi. Umepata mtu."

"Mtu gani, mama?"

"Usinifiche mimi. Wale ni mbuzi wa ntheo. Kwetu kaka akishawala hao, msichana ametolewa. Mengine yote ni maneno ya wazee tu." Akamtazama usoni, furaha ikampungua. "Kaka yako hakukuambia?"

Dinah aliondoka na unga mikononi. Alimkuta Elijah nyuma ya hema akinawa.

"Umekula mbuzi wa posa yangu," akamwambia.

Elijah akasimama na maji yakimchuruzika. "Sikujua. Kwetu posa huanza kwa pombe ya miwa, wazee waitane, wakae siku nzima. Mbuzi ni mbuzi. Nilidhani ananishukuru kwa kuwasomea Neno."

"Amekuita shemeji ukaitika."

Elijah akatazama hema la Bwana, akashusha sauti. "Nitamwambia. Bwana yuko kambini wiki hii. Akienda Voi, nitamwita Kituku kando, nimweleze yote."

"Nenda sasa. Yule pale."

"Dinah, angalia mawingu yale. Imebaki kidogo sana. Nyumba ya Voi, ya mawe, yetu peke yetu. Utaivunja kwa ajili ya mbuzi?"

Mvulana huyu alikuwa mzuri wa maneno, hilo simnyimi. Ila Dinah siku hiyo aliogopa jambo ambalo hakuwa amewahi kuliogopa tangu aolewe. Aliogopa kwamba mumewe ataweza kumtoa. Si kwa ubaya. Atamtoa kwa kungoja kidogo, na kidogo tena, mpaka ajikute amekabidhiwa kwa mtu mwingine huku mumewe bado anaangalia mawingu. Akasema, "Jumapili isipite," akarudi jikoni.

Siku zikaenda. Kituku alileta kuni kama kawaida, ila sasa alisimama kidogo zaidi mlangoni, na Dinah alishindwa kumtazama machoni. Mara mbili alifungua kinywa amwambie mwenyewe, akakifunga. Alitaka neno hilo litoke kwa mumewe. Hicho tu ndicho alichokitaka.

Jumapili ikafika, Elijah hajasema kitu. Bwana alikuwa amekaa nje ya hema lake akivuta kiko, karibu kiasi cha kusikia, na Kiswahili alikijua. Watu waliimba, wakaomba, na Elijah alipokuwa anafunga kitabu Kituku akasimama na kofia mkononi.

"Ndugu zangu," akasema, "mimi ya kwetu nimemaliza. Lakini dada yetu ni wa kanisa la milimani, na nimeambiwa kwao ndoa hutangazwa, watu wakaulizwa. Sipendi kuoa kwa kujificha. Karani, nakuomba unitangazie."

Wakamba wakaitikia kwa furaha. Syokau hakuitikia, alimshika Dinah goti. Dinah alikaa wima akimtazama Elijah. Alimngoja. Alikuwa tayari kumsamehe kila kitu, Voi na mbuzi na mkono ule alioukwepa, kama angesema neno moja tu.

Elijah akafungua kitabu cha sala. Akapata ukurasa.

"Natangaza nia ya ndoa," akasoma, "kati ya Kituku Maundu na Dinah." Jina la baba yake Dinah hakulitaja. Akaendelea kusoma. "Kama kuna mmoja wenu ajuaye sababu ya haki ya kuwazuia wawili hawa kuoana, na aseme sasa."

Akafunga kitabu upesi kama mtu anayefunga mlango, asimpe mtu nafasi hata ya kupumua. Lakini Dinah alikuwa ameshasimama.

"Mimi naijua," akasema. "Nina mume. Tulifunga ndoa kanisani Mgange. Mume wangu ni huyo aliyesoma tangazo."

Kituku aligeuka polepole kumtazama Elijah, akangoja akane, kama mwanamume anavyomngoja mwenzake. Elijah hakumtazama Kituku. Hakumtazama hata Dinah. Alikuwa anaangalia kile kiti nje ya hema la Bwana, na yule aliyekuwa anakung'uta kiko chake na kuinuka. Dinah aliona macho yake yalikokwenda. Mengine ya siku hiyo aliweza kuyasahau baadaye, lakini hilo hapana.

"Karani," akasema Kituku, "nimezunguka. Nimeona wezi, nimeona walevi, nimeona mtu aliyemfukuza mama yake mzazi. Mtu aliyekula ntheo ya mke wake mwenyewe sijawahi kumwona." Kisha akamgeukia Dinah, akainamisha kichwa. "Mama, unisamehe. Nilikuletea kuni kama mtu asiye na mwenyewe."

Kule kuitwa mama ndiko kulikomtoa Dinah machozi. "Ni mimi wa kuomba msamaha," akasema. "Na mimi nilicheka, mwanzoni. Na kuni zako nilizipenda."

Kituku akavaa kofia, akaenda mitaroni ingawa ilikuwa Jumapili.

Njia ya mwongo ni fupi. Kesho yake lori lilipokuja na maji, Bwana alikuwa ameshamwambia Elijah afungashe. Alimwambia hana shida na mke, bali na mdomo wa karani uliosema uongo. Syokau alimfungia Dinah viazi vitamu vya njiani, akamshika mkono muda mrefu, hakusema neno, na kwa Syokau hilo lilikuwa jambo kubwa. Juu ya milima mawingu yalikuwa yameanza kuteremka, meusi, yakinuka mvua.

Donald alipomaliza kushusha mapipa yaliyojaa na kupakia matupu, akaja akijifuta mikono. Hakuwa amesikia lolote. Alitaka tu kujua nani akae wapi. Kabla hajauliza, Elijah akamkabili, kofia imenyooka kichwani, akasema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni.

"Donald, huyu ni mke wangu."

Donald akamtazama. "Mlipokuja alikuwa dada."

"Ni mke wangu. Wa ndoa, ya kanisani."

"Mama," Donald akamgeukia Dinah, "ni kweli?"

Dinah alikuwa ameshapanda, amekaa kiti cha mbele, viazi mapajani na leso juu yake, pete bado imefungwa pindoni. Hakugeuka. Alitazama njia ya kurudi Voi.

"Ndivyo anavyosema leo," akasema.

Donald akaingia, akatia gea, na Elijah akakimbia akapanda nyuma na mapipa matupu.