Ushuhuda wa Mama Oketch

Redio ilikuwa ikizungumza ndani ya nyumba ya Kageha. Dorca alipobisha, ikanyamaza.

Alingoja. Jua la saa sita lilikuwa limekaa juu ya mabati ya mtaa wa Migosi na mkoba wa kampuni ulikuwa ukimkata bega. Akabisha tena.

"Kageha, ni mimi. Leo siuzi kitu. Nimekuja kukujulia hali tu."

Kitu kikaanguka ndani, sufuria labda. Mama mmoja aliyekuwa akianika nguo uani akamtazama, akacheka.

"Yuko. Ila anakuogopa wewe kuliko landilodi."

"Mimi nimemfanya nini?"

"Tangu uingie hiyo biashara, hata kukusalimia ni hasara. Mtu anasema hujambo, unamwambia anakaa mgonjwa."

Dorca akageuka. Kanisani alikuwa amemaliza watu wa kuuzia. Kikundi cha akina mama kilikuwa kimehamisha mkutano bila kumwambia. Chini yake katika Jani Kuu, kampuni ya kuuza unga wa majani ya tiba, alikuwa na watu kumi na mmoja, kazi ya miaka miwili ya kubisha milango, na sheria ilikuwa moja: asiyeingiza watatu wapya katika nusu mwaka, watu wake, pamoja na kamisheni yao, wanahamia kwa yule aliyemwingiza. Zilibaki siku nne. Kibanda chake cha omena pale soko la Kibuye kilishachukuliwa na mtu mwingine. Alikiacha kwa sababu Madam Winny alimwambia mtu anayenuka samaki hawezi kuuza afya.

Madam Winny ndiye aliyemwingiza. Siku hiyo jioni Dorca alimkuta sebuleni kwake akipakwa rangi ya kucha. Hakuambiwa akae.

"Watu hawanunui unga, Dorca. Wananunua ushuhuda. Wako ni upi?"

"Siku hizi nalala vizuri."

Winny alicheka mpaka msichana wa kucha akainua brashi. "Nani ataacha kazi yake akufuate sababu unalala? Nataka presha. Nataka sukari. Nataka mtu aliyekuwa anakufa."

"Mimi siumwi, Madam."

"Basi tafuta anayeumwa. Kwenu wote ni wazima?"

Dorca alitazama zulia. "Mama mkwe yuko na sukari. Yuko Ahero."

"Na umekaa kimya na mali kama hiyo?" Winny akanyosha mkono mwingine apakwe. "Nakuongezea mwezi mmoja. Nenda ukamlete."

Huko Ahero, Mama Oketch, mama mkwe wake, alikuwa akipeta mchele mbele ya nyumba yake, miguu imenyoshwa juu ya gunia. Ukutani, alama ya mafuriko ya mwaka uliopita ilipita juu ya kichwa chake. Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu na bei, kwa hiyo waliongea Kijaluo, kama siku zote.

"Nyar Sakwa," alisema, akimwita binti wa Sakwa, kwa jina la kwao. "Umekonda. Huko mjini hawakulishi?"

Dorca alikoroga unga wa kijani kwenye kikombe na kueleza. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akapeta tena, akapuliza makapi.

"Kwa hiyo nikisema imeniponya, watu watakuja kwako?"

"Watakuja, Mama."

"Na dawa zangu za kliniki?"

"Endelea nazo. Hakuna atakayejua."

Mkono wa mama ukasimama juu ya ungo. "Mungu hatajua? Nisimame mbele ya watu niseme hii ndiyo imeniponya, na huku nimemeza za hospitali? Tangu nibatizwe sijatoa ushuhuda wa uwongo hata siku moja. Nikiinywa, nitainywa peke yake. Ikiniponya, nitasema. Isiponiponya, nitasema pia."

Dorca aliyajua maneno ya kusema. Nesi wa Ahero alikuwa ameyarudia mbele yake mara nyingi: dawa hizi haziachwi. Maneno yalifika mdomoni. Akawakumbuka watu wake kumi na mmoja.

"Sawa, Mama," alisema.

Oketch, mume wa Dorca, alipofariki, ndugu zake walitaka kumfukuza Dorca bomani. Mama huyu alikaa kwenye mlango wa Dorca siku tatu na jembe mkononi, mpaka wakachoka. Sasa aliingia ndani, akatoka na dawa zake zimefungwa kwenye leso, akamkabidhi mkwewe ili yeye mwenyewe asije akazijaribu.

"Hii itakusaidia kweli?"

"Itanisaidia sana."

"Basi lete hicho kikombe."

Baada ya wiki tatu Dorca alimrekodi kwa simu. Mama alikuwa amesimama kwenye shamba la mpunga, maji yamefika kwenye vifundo vya miguu. Alisema ana sukari miaka tisa, hajameza dawa ya hospitali wiki tatu, na bado anapalilia. Hakuongeza neno. Sauti ya Dorca ilifasiri kwa Kiswahili. Madam Winny aliituma video kwenye vikundi vyote vya wasapu, mpaka Kakamega na Bungoma, na kabla ya Jumapili watu saba walikuwa wamejiandikisha chini ya Dorca. Mmoja, Mukhwana, alipiga simu akilia kwa furaha. Mke wake naye alikuwa ametupa dawa.

Winny alimwita Dorca "dada" kwa mara ya kwanza.

Simu ya Ahero ilikuja Ijumaa ya wiki ya sita tangu mama aache dawa. Mama alikuwa amekanyaga kitu shambani, hajui lini, kwa sababu hakusikia maumivu. Dorca alipofika, harufu ilimpokea mlangoni. Alifungua kitambaa cha mguuni. Kidole gumba cha mguu kilikuwa cheusi, na weusi ulikuwa umeanza kupanda kwenye mguu.

"Nipeleke hospitali, nyathina," mama alisema, akimwita mwanawe. Macho yake yalikuwa yamezama.

Dorca alitoka nje, akampigia Winny.

"Kesho ni mkutano mkubwa," Winny alisema. "Basi mbili zinatoka Bungoma na Kakamega. Unajua wanakuja kumwona nani? Yeye."

"Madam, mguu unaoza."

"Mvalishe soksi. Aseme dakika mbili, halafu gari langu litampeleka hospitali ya maana, si hiyo zahanati yenu."

"Na asipoweza?"

"Hao watu wako kumi na wanane, nitawapokea, hata kama umetimiza watatu. Mimi sina shida. Shida ni yako." Winny akashusha sauti. "Siku moja tu, dada. Mguu haukimbii."

Dorca alirudi ndani. "Tunaenda kesho, Mama," alisema. "Kuna mahali tutapitia kwanza."

Ukumbi wa Kisumu ulikuwa umejaa mpaka watu wakakaa madirishani. Wageni wa basi walikaa upande wa kulia, wengi wao wazee wasiojua Kijaluo, na karatasi zao za kliniki mifukoni. Upande wa kushoto walikaa wenyeji waliowaleta, Wajaluo wa Kisumu na Bondo wenye mashati ya kijani ya kampuni. Mama Oketch alibebwa jukwaani na kiti chake. Watu walishangilia wakidhani ni heshima.

"Mama yetu huyu anaongea Kijaluo," Winny alitangaza. "Dorca atatufasiria. Bwana asifiwe!"

"Amina!"

Mama aliomba ashikwe. Ushuhuda hautolewi mtu akiwa amekaa. Akasimama, uzito wote begani kwa Dorca, akaongea taratibu. Alisema siku ile shambani alisema kweli. Leo kweli imekuwa nyingine na amekuja kuirudisha. Alisema mguu wake umekufa akiuangalia. Unga huu haukuponya kitu. Aliyeacha dawa za hospitali kwa sababu yake, amsamehe, na azirudie leo, asingoje kesho.

Akangoja afasiriwe.

Dorca alitazama upande wa kulia. Nyuso zilikuwa zimeinuliwa, hazijaelewa hata neno. Akatazama kushoto. Huko kila mtu alikuwa ameelewa. Mwalimu Oyugi, aliyeleta wageni sita, alikuwa akisoma sakafu. Ooko wa Bondo, aliyeleta wajomba wa mke wake, alikuwa amejishika mdomo.

Akasogeza mikrofoni mdomoni.

"Anasema," Dorca alianza, "anasema anamshukuru Mungu kwa mguu huu anaosimamia. Anasema, msingoje kesho."

Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Ooko. Alisimama kabisa, akapiga kwa nguvu, na mashati yote ya kijani yakasimama pamoja naye. Kisha wageni.

Meza ya kujiandikisha ilifunguliwa chini ya jukwaa. Foleni ilizunguka ukumbi.

"Umewaambia yote?" mama aliuliza.

"Yote."

"Mbona wanaandikisha majina?"

"Wanakuchangia, Mama. Ya hospitali."

Mama Oketch alifunika uso kwa mikono miwili na kulia. Alipomaliza, aliomba asogezwe karibu na meza awashukuru mmoja mmoja, maana si vizuri watu wa mbali watoe na waondoke hivihivi.

Dorca alimwendea Winny. "Madam, gari."

"Katoni za unga zimeisha. Limeenda kuleta zingine." Winny hakuinua macho kutoka kwenye orodha. "Likirudi. Mwambie aendelee kuwashika mikono, wanapenda."

Mzee mmoja wa Bungoma, Wasike, alitia sahihi, akatoa mfukoni pakiti ya dawa ambayo haijafunguliwa. "Mwanangu," alimuuliza Dorca, "hizi nitupe wapi?"

Kabla Dorca hajajibu, mama mkwe alikuwa amekwisha kuushika mkono wa mzee, na pakiti ikiwa ndani yake, akiubana kwa viganja vyake viwili vyenye homa.

"Ero kamano," alimwambia. "Asante. Asante sana." Akamwachia, akanyosha mikono kwa aliyefuata.