Dada Amenichoma Sindano

Kazi yangu ni kulaza watu usingizi kabla ya kupasuliwa, ndiyo maana hospitalini wananiita Mama Nusu Kaputi. Silipendi jina hilo, lakini limeshaganda. Watu wanadhani mgonjwa akifumba macho mimi nimemaliza, eti nakaa kwenye kigoda changu nasinzia hadi wenzangu washone. Waache wadhani.

Asubuhi ile mgonjwa wa kwanza alikuwa mama yangu mdogo, aliyemfuata mama kuzaliwa. Kidole gumba cha mguu wake kilikuwa kimeoza kwa ugonjwa wa sukari na homa ilishaanza kupanda. Ilibidi kikatwe; kungoja zaidi kungemaanisha kukata mguu mzima, au kumzika. Ningependa alazwe na mwenzangu, maana mkono hauwi mtulivu juu ya mtu wako, lakini mwenzangu alikuwa likizo. Kumchoma sindano ya mgongo ili abaki macho haikuwezekana, kwa sababu moyo wake unaishi kwa dawa za kuzuia damu isigande.

Jana yake jioni nilimwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwamba asubuhi asile na asichome insulini yake. Insulini bila chakula hushusha sukari, na sukari ikishuka mno ubongo hufa njaa. Aliye macho atatetemeka, atalowa jasho, atalalamika. Aliye nusu kaputi halalamiki. Mashine zangu hupiga kelele moyo na pumzi zikiyumba, ila sukari haina kengele.

Alipoletwa thieta nilimpima nikakuta tisa, sukari ya kuridhisha kabisa; hatari huanza ikishuka chini ya nne. Nikamuuliza, kwa kumtoa hofu tu, kama amelala vizuri.

"Nimelala, mwanangu," akasema. "Alfajiri dada kaja, kanichoma sindano yangu, kaenda zake."

"Dada gani? Muuguzi?"

"Dada yangu. Mama yako."

Mama tulimzika mwaka juzi. Enzi za uhai wake ndiye aliyemchoma Mama mdogo sindano kila asubuhi, nyuma ya mkono wa kushoto, kwa sababu huyu mwanamke aliyezaa watoto sita bila kupiga ukelele anaogopa sindano kuliko nyoka. Baada ya msiba akajifunza kujichoma mwenyewe tumboni, huku amefumba macho na kututukana sote.

Nilimpandisha mkono wa gauni. Nyuma ya mkono wa kushoto palikuwa na nukta ya damu mbichi. Asingeweza kujichoma pale. Bega lake la kulia limekakamaa siku nyingi, sukari hufanya hivyo pia, na hata kuchana nywele huchanwa na mkwewe.

Nilimwita muuguzi wa wodi. Aliapa kwamba hakuna aliyemchoma, na kwamba insulini yake ilikuwa kabatini na ufunguo shingoni kwake yeye muuguzi. Ila mgonjwa wa kitanda cha pili naye ana sukari, na chupa yake hukaa juu ya meza iliyo katikati ya vitanda. Muuguzi akaona labda Mama mdogo aliamka na usingizi wake akajichoma kwa mazoea. Nikamwambia basi anieleze lile bega. Akashika ufunguo wake, akarudi wodini.

Daktari wa upasuaji ni mtu wa haraka siku zote, utadhani ameacha jiko linawaka nyumbani. Alisema sukari ni tisa, mgonjwa ameota, tuanze. Nilipogusa dripu ya sukari akanizuia. Alinikumbusha kwamba kisu chenyewe hupandisha sukari, na kwamba nikimjaza sukari mgonjwa ambaye hakuchomwa kitu, kidonda hakitapona na safari ijayo atakata juu ya kifundo. Alisema kweli, jambo lililoniudhi zaidi.

Basi nilibaki na mawili. Niamini ndoto ya mgonjwa, au niamini kipimo. Nilitafuta njia ya katikati: nikavuta sukari kali kwenye bomba la sindano, nikaiweka karibu na mkono wangu, na nikaapa kumtoboa kidole cha mkono na kumpima kila robo saa hadi tutoke. Kisha nikamlaza.

Mara ya kwanza ilikuwa tisa. Nikapima tena, nane. Daktari akauliza, bila kuinua uso, marehemu anasemaje. Hakuna aliyecheka, na mimi nilimchukia kwa nafsi yangu yote. Nilimchukia zaidi kwa sababu nilishaanza kujiona mjinga. Mimi, daktari mzima, natoboa vidole kwa maneno ya maiti.

Ndipo nilipohisi mtu amesimama nyuma yangu. Nyuma yangu ni ukuta. Sikugeuka, kwa sababu niliogopa kumwona na niliogopa pia kukuta hayupo. Wakati wa kupima ulikuwa haujafika, lakini mkono ulikwenda wenyewe kwenye kile kidole.

Mbili na nusu.

Nilimsukumia ile sukari yote kwenye mshipa na kufungulia dripu. Ikapanda hadi tano. Nikashusha pumzi, ikaanguka tena hadi tatu, maana ile sindano ya alfajiri ilikuwa bado inavuta. Tukavutana. Daktari aliacha maneno, akafanya kazi yake taratibu kama mtu aliyeingia nyumba ya watu. Alipofunga bandeji sukari ilikuwa saba na imetulia, lakini hakuna aliyejua ubongo wa Mama mdogo ulikaa njaa kiasi gani.

Kwenye chumba cha kuamkia nilimwita, hakuitika. Nikamwita tena nikimpigapiga shavu. Nilimwita kwa jina ambalo mama pekee alikuwa akimwita, na hapo akafumbua macho. Hakunitazama. Alitazama pembeni ya bega langu akatabasamu.

"Umechoka, dada. Kaa basi," akasema. Kisha akanigeukia. "Anasema kesho atakuja tena kunichoma."

Tangu msiba nilimngoja mama yangu. Nililala na nguo yake kitandani, nikaomba aje hata ndotoni, hata kunigombeza. Hakuja. Alikwenda kwa mdogo wake, na kwa mapenzi yale yale ya kila asubuhi nusura amchukue. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, nimeyaweka moyoni tangu siku ile, na sikuwa na nafasi ya hata moja.

"Mama," nikasema kwa ule upande aliokuwa akitazama, "usije tena. Mwache kwangu. Nitamchoma mimi."

Mama mdogo alitazama tena pale pembeni, macho yakihama polepole kuelekea mlangoni, hadi yakasimama.

"Ameondoka," akasema. "Mbona hukumuaga?"

Nilishika kidole chake, nikakitoboa, nikapima. Ilikuwa sita, sukari nzuri kabisa, na nililia kilio ambacho sikulia mazikoni.